Sura ya Tano: Mkoko Haupendi Chumvi

Mtoto wa shule akiulizwa kwa nini mikoko huota baharini, hujibu kwamba mikoko hupenda maji ya chumvi, na mwalimu humwekea alama ya vema. Jibu hilo lina sura ya ukweli: ukitafuta mikoko utaikuta penye chumvi, na ukienda kusiko na chumvi ni nadra kuiona. Lakini kumkuta mtu mahali si ushahidi kwamba anapapenda. Wako wanaojenga bondeni, penye mafuriko, kwa sababu viwanja vya mlimani vimekwisha, na hakuna anayesema watu hao wanapenda mafuriko. Katika sura hii nitadai kwamba mkoko ni mkazi wa namna hiyo. Unaivumilia chumvi kwa sababu huko kwenye maji matamu kumejaa mimea yenye mbio kuliko wenyewe. Nikifanikiwa kulithibitisha hilo, kitafuata cha pili ambacho ni kizito zaidi: mimea ya mdomo wa mto, tangu matete mpaka mlilana, ni ramani inayochorwa upya kila mwaka na maji ya mto, na anayetaka kuilinda kwa kuweka mipaka ardhini analinda karatasi.

Mfano wangu ni delta ya Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini kwanza tusafishe msamiati, kwa maana vitabu vya shule vimeuchafua. Tunasema mikoko kana kwamba ni mti mmoja, hali wavuvi, wakata boriti na mafundi wa majahazi hawajawahi kuuchanganya. Mlilana ndio ulio mbele kabisa, miguu yake ndani ya maji, na ndio hutoa mataruma ya vyombo. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mkandaa ndio wa boriti na fito, msinzi ni ndugu wa karibu wa mkoko, mchu hutoa vijiti vya kupumulia vinavyochomoza topeni kama misumari, mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo, na msikundazi una mbao za kupigania. Kikandaa ni kidogo na hukaa nyuma. Majina hubadilika kidogo ukipanda Lamu au ukishuka Kilwa, ila mgawanyo wenyewe haubadiliki. Kiswahili kilikuwa na elimu hii kabla mtaalamu wa mimea hajatia mguu topeni, nasi tumeifungia yote katika neno moja kisha tunashangaa hatuelewi msitu.

Miti hii imepangwa, na mpango wake una njia mbili. Njia ya kwanza hutoka baharini kwenda nchi kavu: mlilana, kisha mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na nyuma kabisa mchu, uliofupika, ukipakana na jangwa jeupe ambalo maji ya bamvua hulifikia siku chache kwa mwezi na jua huliachia chumvi kali kuliko ya bahari yenyewe. Njia ya pili, ambayo watu huisahau, hufuata mto kwenda bara. Huko mlilana na mkoko hupungua, msikundazi na mkomafi huongezeka, halafu hutokea mtomondo wenye mashada ya maua yanayoning'inia juu ya maji, kangaga refu kuliko mtu, mikindu, ndago, na mwisho matete yanayofunika kingo zote mbili. Matete hayo yamo kwenye maji matamu ya kunywa, na hata hivyo maji hayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Bahari inapojaa, maji ya chumvi, yaliyo mazito, hupenya chini kwa chini. Maji ya mto hukosa pa kutokea, hurudi nyuma na kupanda kingo. Ulimi hauonji chumvi, lakini saa inayofuatwa ni ya mwezi. Ukanda huo wa maji matamu yanayojaa na kupwa ndio ulio tajiri kwa idadi ya aina za mimea. William Odum, aliyelinganisha vinamasi vya chumvi na vya maji baridi vya Marekani mwaka 1988, alionyesha kwamba vile vya maji baridi vina mchanganyiko wa mimea mingi zaidi. Kadiri unavyoshuka kwenye chumvi, orodha hufupika.

Kwa nini hufupika? Chumvi ni gharama. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mzizi wa kawaida ukitiwa humo hunyang'anywa maji badala ya kuyavuta. Mkoko, mkandaa na msinzi huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu huipitisha kisha huitema juu ya majani, ndiyo maana ukilamba jani lake mchana utaikuta. Kuchuja kunakula nguvu, na kutema kunakula nguvu. Juu ya hayo, maji ya bahari huja na salfeti, na katika tope lisilo na hewa vijidudu huigeuza kuwa ile gesi inayonuka mayai viza, ambayo ni sumu kwa mizizi. Mti unaolipa kodi zote hizo hubaki na kidogo cha kurefukia. Kwenye maji matamu kodi hizo hazipo, kwa hiyo mshindi ni yule anayekua upesi, anayetanda na kumfunika mwenzake asipate jua. Matete hufanya hivyo kwa msimu mmoja. Mche wa mkoko hauwezi.

Hii ni hoja nzuri ya mezani, lakini ilihitaji kupimwa. Caitlin Crain na wenzake waliipima katika vinamasi vya Narragansett Bay, jimbo la Rhode Island, Marekani, na wakachapisha matokeo mwaka 2004. Waliihamisha mimea ya kwenye chumvi wakaipanda kwenye maji baridi, na ya maji baridi wakaipanda kwenye chumvi. Baadhi waliizungushia majirani wa kawaida, baadhi waliing'olea majirani wote. Mimea ya maji baridi iliyopelekwa kwenye chumvi ilishindwa hata ilipoachiwa uwanja peke yake. Mimea ya kwenye chumvi ilipopelekwa kwenye maji baridi ilishindwa palipokuwa na majirani, lakini palipofyekwa ilistawi, tena kuliko ilivyostawi kwao. Kwa maneno mengine, mpaka wa chini, upande wa bahari, unawekwa na chumvi. Mpaka wa juu, upande wa mto, unawekwa na jirani.

Atakayesema kwamba yale yalikuwa majani ya nchi ya baridi na hii ni miti ya joto, ana haki ya kusema hivyo. Twende basi Christmas Island, kisiwa cha Australia kilicho kusini mwa Java. Katika mahali paitwapo Hosnie's Spring pana kundi la misinzi, ukiwemo msinzi wa aina ile ile tuliyo nayo Rufiji, linaloishi kwenye mteremko kati ya mita 24 na 37 juu ya usawa wa bahari, likinyweshwa na chemchemi ya maji matamu. Bahari hailifikii kamwe. Miti huchanua, huzaa na kuangusha miche, kizazi baada ya kizazi. Hata vyunguni imeonekana mara nyingi kwamba miche ya mikoko humea katika maji yasiyo na chumvi, na kwamba wingi wa aina hukua vizuri zaidi kwenye maji ya bahari yaliyochanganywa na maji matamu kuliko kwenye maji ya bahari matupu. Nikiri kwamba mchu unahitaji chumvi kidogo ili ukue vizuri. Kidogo, nasema. Hakuna anayetia gramu 35 kwenye lita moja ya mchuzi akasema anapenda chumvi.

Kuna pingamizi jingine lenye uzito zaidi. Mwaka 1978 Deborah Rabinowitz, aliyefanya kazi Panama, alipanda miche ya mikoko mbalimbali nje ya maeneo yake ya kawaida, akaona kwamba inaweza kumea kwingi. Akapendekeza kuwa kinachoipanga ni maji yanayobeba mbegu: nyepesi na ndogo husukumwa mbali ufukweni, nzito na ndefu hukwama mapema. Baadaye kidogo Thomas Smith, huko Australia, akaonyesha kwamba kaa hula miche kwa wingi, na hula ya aina fulani zaidi mahali fulani, kwa hiyo kaa nao ni wapangaji wa msitu. Sina ugomvi na kaa. Atembeaye mikokoni maji yakiwa yamekupwa ataona kazi yao kila hatua. Na hoja ya Rabinowitz kwa kweli inanisaidia nusu, kwa kuwa nayo inakanusha kwamba kila mti uko pale unapopapenda. Nusu nyingine ndiyo inayopwaya. Mbegu ya msikundazi ina mgongo uliochongoka kama mkuku wa jahazi, na huelea siku nyingi; bahari huizungusha delta nzima na kuitupa kila ufukwe. Kama kupangwa kungekuwa kazi ya mbegu kusafiri tu, msikundazi ungekuwa kila mahali. Uko mtoni, na kwenye kingo zilizoinuka zinazopata maji matamu, basi. Mbegu hufika, mche ndio hukataliwa.

Palikuwa pia na fundisho la zamani kwamba mikoko huumba ardhi: mlilana hunasa tope, mkoko hufuata, nchi kavu husonga baharini, na msitu huandamana kama jeshi. Bruce Thom alichunguza delta ya Tabasco, Mexico, na mwaka 1967 akaonyesha kinyume chake, kwamba mto ndio hutangulia kumwaga tope, kufungua mkono huu na kuuziba ule, na miti hufuata mabadiliko hayo. Mikoko husaidia kushika tope lililokwisha kuletwa. Hailileti.

Ndipo tunapofika mwaka huo huo wa 1978, safari hii Rufiji. Hadi wakati huo sehemu kubwa ya maji ya mto ilikuwa ikitokea upande wa kusini wa delta. Mafuriko makubwa ya mwaka huo yaliupeleka mkondo mkuu kaskazini. Hakuna chuo ambacho kingeweza kugharimia jaribio la ukubwa huo: nusu ya delta ilitiwa maji matamu, nusu nyingine ilipunguziwa. Kaskazini, mahali palipokuwa pa mikoko pakawa pa mpunga. Wakulima walifyeka na kupanda, wakitumia maji yanayojaa kuwa mfereji wao, kwani maji yaliyosukumwa na bahari yakaingia shambani yakiwa matamu. Mpunga huanza kudhoofika chumvi ikifika gramu 2 hivi kwa lita, na dhaifu zaidi ni mche mchanga na shuke linalochanua. Kwa hiyo shamba la mpunga la delta ni kipimo cha chumvi kilicho sahihi kuliko vyombo vingi: lilipo, maji matamu yalifika kwa miezi ya kutosha.

Hapo mtu wa misitu husimama na kuuliza: unalaumu mto kwa kazi ya shoka? Mikoko ya kaskazini haikufa kwa maji matamu, ilikatwa. Ni kweli, na sina nia ya kulificha shoka. Msitu huu umehifadhiwa kisheria tangu 1898, enzi ya Wajerumani, na mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini baada ya karne nyingi za boriti kupelekwa Uarabuni. Pamoja na hayo mashamba yalifunguliwa ndani ya hifadhi. Lakini tuulize shoka lilikwenda wapi. Lilifuata maji. Sheria ilikuwa moja kwa kaskazini na kusini, njaa ilikuwa moja, na mpunga ukatanda pale mto ulipohamia. Mkulima alifanya yale ambayo matete yangefanya, tofauti ni kwamba yeye ana panga. Ushahidi mwingine ni shamba linapoachwa, maana baada ya miaka michache magugu huzidi nguvu za jembe. Penye maji ya chumvi mche wa mchu au mkandaa hurudi wenyewe, mbegu ikifika. Penye maji matamu kangaga na majani marefu hutangulia, na mche wa mkoko hukaa kivulini mpaka ufe. Ndiyo sababu kupanda mikoko kwenye mashamba hayo bila kupalilia ni kupoteza miche na posho za semina.

Kama maji ndiyo mchoraji, basi swali la delta liko bara. Bonde la Rufiji hukusanya maji kutoka karibu sehemu moja kati ya tano ya Tanzania, na maji hayo huja kwa mikono mitatu: Kilombero hutoa takriban asilimia 60, Luwegu na Ruaha Mkuu hugawana sehemu kubwa ya kinachobaki. Ruaha tumekwisha kuujaribu. Tangu 1993 hukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu maji yake huishia kwenye majaruba ya Usangu. Delta haikuanguka kwa hilo, kwa kuwa Kilombero ulikuwapo, lakini tumejifunza kwamba mto mkubwa unaweza kukatika bila mtu yeyote kuamua ukatike. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Tofauti na mashamba ya Usangu, bwawa la umeme halinywi maji, ukiacha yanayopaa kwa jua. Linayachelewesha. Linapunguza kilele cha masika na kuongeza maji ya kiangazi, kwa kuwa mitambo huzunguka mwaka mzima, na tope hulituliza chini.

Watetezi wa bwawa husema, na wana hoja, kwamba maji zaidi wakati wa kiangazi yatairudisha chumvi nyuma, hivyo delta itapata nafuu. Wengine huelekeza kidole Zambezi, ambako picha za satelaiti za kati ya 1994 na 2013 zilionyesha mikoko ikiongezeka eneo, ingawa mabwawa ya Kariba na Cahora Bassa yalikuwa yamekwisha kuufunga mto miongo kadhaa kabla. Mimi sioni kama haya yanavunja hoja, yanainyoosha. Eneo la mikoko si kipimo tosha, kama vile idadi ya watu mjini haikwambii nani amehama na nani amehamia. Delta ya Indus, huko Pakistani, bado ina mikoko mingi, lakini tangu bwawa la Kotri likamilike mwaka 1955 na maji kupungua, karibu yote imebaki kuwa mchu, mvumilivu kuliko wote. Ukiutafuta mkoko wenye mizizi iliyopinda utaupata hasa pale ulipopandwa upya. Na Casamance, Senegali, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulipunguza maji ya mto mpaka sehemu za juu zikawa na chumvi kuliko bahari, nayo mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Mti unaodaiwa kupenda chumvi uliuawa na chumvi.

Kwa Rufiji, kinachobadilika kwanza ni kalenda. Msikundazi, mkomafi na mtomondo hutegemea mafuriko ya masika yanayosuuza chumvi iliyorundikana udongoni na kumwaga tabaka jipya la tope. Kiangazi chenye maji ya wastani si badala ya masika yenye mafuriko, kama vile kunywa kikombe kimoja kila siku si kuoga. Mlilana wa mbele hautadhurika na chumvi ukikosa mafuriko. Utadhurika na ukosefu wa tope, mawimbi yakiula ufukwe usiojazwa tena. Na matete yatanufaika na maji matamu ya kiangazi, yakishuka chini kuliko yalivyozoea, yakiubana mkoko upande ambao hauna silaha. Mambo matatu yanayokwenda pande tatu katika delta moja, kutokana na mlango mmoja wa chuma: ndiyo maana ripoti inayosema delta itafaidika na ile inayosema itakufa zote mbili hunishawishi kwamba mwandishi ametazama mti mmoja.

Kinachoweza kufanywa kinajulikana. Milango inaweza kufunguliwa kwa makusudi wakati wa masika, kwa siku zinazokutana na bamvua, ili maji ya mto na ya bahari yapande pamoja na kuvuka kingo. Umeme utakaopungua unaweza kuhesabiwa, na wanaoishi mabondeni chini ya bwawa lazima waarifiwe mapema, kwa maana mafuriko yanayosaidia mtomondo hayachagui nyumba. Ugumu uko kwenye ofisi. Miti ya delta iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maji yanayoilisha yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yenye makao Iringa, na mitambo ya bwawa iko mikononi mwa Tanesco. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuamua nani anatangulia: maji ya matumizi ya nyumbani ni ya kwanza, maji ya mazingira ni ya pili, na umeme uko nyuma yao.